Tupeane uzoefu: dereva, muuzaji au mhudumu wa ugenini aliyekushangaza kwa uaminifu

Wakuu habari zenu. Mtu akisafiri, cha kwanza anachoambiwa ni kujihadhari: shika pochi, hesabu chenji, dereva wa teksi atakuzungusha. Leo naomba tuwataje wale ambao wangeweza kutupiga na tusijue, lakini hawakufanya hivyo.

Naanza. Tokyo, usiku wa mvua, tunatoka stesheni ya Ueno na mizigo. Teksi za kule zilikuwa zinaanzia yeni 500 kwa kama kilomita moja ya kwanza, kisha mita inapanda. Njiani dereva, mzee mwenye glavu nyeupe, akaipita kona aliyotakiwa kukata. Mimi ningejuaje? Yeye mwenyewe akazima mita, akainamisha kichwa kuomba radhi, akazunguka hadi kuirudia njia. Tulipofika alipokea kile tu kilichosomeka alipoizima. Nikamwongezea, akakataa. Sijawahi kuona mtu akijitoza kwa kosa ambalo abiria wala hakuliona.

---

Mkuu umenikumbusha Chennai, India, nilipompeleka mama kwa matibabu. Mfamasia wa nje ya hospitali alisoma cheti, akauliza dawa itatumika muda gani. Nikamwambia miezi. Akaweka pembeni boksi aliloshika, akatoa la kampuni nyingine, dawa ile ile, chini ya nusu bei, na akanitaka nimuulize daktari kabla ya kulipa. Daktari akakubali. Hela iliyobaki ndiyo iliyotulisha hadi tunarudi nyumbani.

---

Dubai, Deira, soko la dhahabu. Mdogo wangu alikuwa anaolewa, nikapenda seti yenye mawe. Muuzaji, kijana wa Kerala kule India, akanieleza kwamba dhahabu ina bei ya siku kwa gramu, pa kuvutana ni kwenye ufundi tu, yaani malipo ya kuitengeneza. Kisha akasema: ukija kuiuza hii, watatoa uzito wa mawe, utalipwa dhahabu peke yake. Kama ni akiba ya bi harusi, chukua bangili tupu za karati 22. Ufundi wa bangili ni mdogo kuliko wa seti, kwa hiyo alijipunguzia mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwamini.

---

Muscat. Mzee wa teksi, Mwomani, Kiswahili chake cha Unguja kabisa. Nikamwomba anifikishe Soko la Mutrah. "Mwanangu, ni hapo mbele tu, nenda kwa miguu." Hakuchukua hata baisa moja, ile senti yao.

Wa Guangzhou na Istanbul, tunawasubiri.