Naomba ushauri: vifaa vya skuli vya watoto watatu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba, wanangu watatu wanarudi skuli Januari, na mkononi nina shilingi 150,000 tu. Mabegi ya zamani nimeyafua, zipu fundi kazitengeneza. Sare ya mkubwa nimempunguzia wa kati, pindo nimelikunja vidole vinne ndani nije kulifumua akirefuka. Kilichonishinda ni viatu. Vile vya rahisi nilivyonunua mara ya mwisho viliachia soli hata Ramadhani haijaingia!

Waliojaribu vyeusi vya mtumba, vinadumu kweli? Na madaftari: majirani wanne tukichanga tukaagiza katoni soko la Darajani kule Unguja, nauli ya mzigo kwenye boti haitaimeza nafuu yote? Au ninunue dazeni hapahapa?

Shukrani.