Walimu wa Kusini tulioshika chaki siku nyingi, tupeane uzoefu: ni nini hasa kilikuchosha shuleni?

Chaki ya Newala
Za jioni walimu wenzangu. Nilimaliza Chuo cha Ualimu Nachingwea, nikaripoti huku juu kwenye uwanda wa Makonde mwaka 1991. Hii shule ni ya nne, na mwalimu mkuu niliye naye ni wa tisa. Watoto hawajawahi kunichosha. Walionichosha ni wakubwa zangu na makaratasi yao.

La mwaka huu hili hapa. Nina darasa la tatu, watoto 94. Januari niliwasomesha mmoja mmoja, 31 hawakuweza kuunganisha silabi. Nikaomba wiki tatu tu nirudi kwenye ba be bi bo bu. Mkuu akanijibu, "Mwalimu, azimio la kazi linasema uwe wapi? Wathibiti ubora, hao wakaguzi, wakija utajibu wewe?" Nikaendelea na mada. Andalio langu la somo limegongwa muhuri, na pale kwenye tathmini kila siku naandika "wanafunzi wengi wameelewa". Uongo, ila mwandiko mzuri.

Wa Tandahimba, Ruangwa, Liwale, kwenu vipi?

Mwali wa Masasi
Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa juzi tu, ajira ya 2014. Kwetu ugonjwa ni kunakili. Kiranja anaachiwa kitabu, anajaza ubao, wenzake wananakili, kengele inalia. Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, akipita anahesabu mazoezi yaliyosahihishwa, akiona tiki nyingi roho yake kwatu. Siku moja nilimwambia mtoto anisomee alichoandika kwa mkono wake mwenyewe. Akaniangalia tu, halafu akaniuliza kama ameharibu.

Ndoo Kichwani
Umesema uwanda wa Makonde nikakumbuka shida ya maji. Shule niliyokuwa, kipindi cha kwanza wasichana wa la sita walikuwa wanapeleka ndoo kwa mkuu. Nikasema kwenye kikao cha walimu. Haukuisha mwezi nikapata barua ya uhamisho, kijiji ambacho masika boda anakushusha nusu ya njia. Mimi nikahama, ndoo hazikuhama.

Babu Mstaafu
Marahaba wanangu. Mimi niliongoza shule Ruangwa miaka 12, kwa hiyo mnanisema mimi. Kapitesheni, ile ruzuku ya serikali kwa shule, ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, ukitamka neno mchango mzazi anakutolea macho. Hapo hapo kata wanapiga simu, takwimu zifike kabla ya saa nne. Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, yakitoka, shule za mkiani mnasimamishwa kikaoni mbele ya wenzenu. Nami nilisimamishwa, mvi hizi kichwani. Niliporudi shuleni nikawafokea walimu wangu, binti mmoja, mwalimu wa darasa la pili, akalia mbele ya wanafunzi wake. Sijamwomba radhi mpaka leo.

Mkorosho Mmoja
Mbona korosho hamjaigusa? Mtihani wa la nne unakuta minada imechangamka na watoto wako chini ya mikorosho wanaokota. Mkuu wetu huwatuma walimu na pikipiki kuwafuata siku ya mtihani tu. Siku nyingine zote rejista inaonyesha wamehudhuria.

Ndoo Kichwani
Hahaha, hiyo rejista hata kwetu ipo.

Chaki ya Newala
Babu, shikamoo. Nilianzisha hapa nikiwa na hasira na wakuu wa shule, umenipunguzia kidogo. Kidogo tu. Huyo binti mtafute, nambari yake haikosi kwa walimu wa huko.

Mimi nimeshaongea na wazazi. Kuanzia Jumatatu wale 31 nabaki nao kengele ya mwisho ikilia, chini ya mwembe. Mama mmoja kaahidi mihogo ya kuchemsha, maana saa nane mtoto ana njaa. Mkuu sijamwomba ruhusa, na andalio la hilo somo sina.