Uuguzi hapa Dodoma au tiba kwa vitendo Moshi? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne, ana C ya Baiolojia, D za Kemia na Fizikia. Nyumbani tunaishi Chamwino, na wazee wanataka asome stashahada ya uuguzi na ukunga karibu, Mirembe au Mvumi. Miaka mitatu, kisha mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga apate leseni.

Yeye moyo wake uko kwenye tiba kwa vitendo, ile ya kumfundisha mtu aliyepooza kuvaa, kula na kuandika upya. Bibi yetu alipata kiharusi na huyu binti ndiye aliyemsaidia kushika kijiko tena, kwa hiyo namwelewa kabisa. Chuo ninachokijua ni cha KCMC Moshi. Mbali, na hosteli ni gharama.

Wenye uzoefu: mkihitimu fani hii ajira mnapata wapi, wilayani zipo nafasi? Na akianza uuguzi, anaweza kuhamia baadaye bila kurudia mwaka wa kwanza? Dirisha la maombi likifunguliwa nataka tuwe tumeshaamua.