Nani kawaambia "Redemption Song" inahitaji nyongeza?

Wakuu, nimekereka na leo sitaki kubembelezwa.

Jana umeme umerudi saa nne usiku, watoto wamelala, nikasema ngoja niisikilize albamu ya Uprising ya Bob Marley mwanzo mpaka mwisho, kama enzi za kaseti ya mzee. Nyimbo kumi, tano huku tano kule. Upande wa pili unaanza na "Zion Train", unaruka na "Could You Be Loved" hata kama goti linauma, "Forever Loving Jah" inakupoza, halafu bendi nzima inanyamaza. Ngoma hakuna, besi hakuna, akina mama waitikiaji wa I Threes kimya. Kabaki mtu mmoja na gitaa kavu, ndiyo "Redemption Song" hiyo. Nyimbo tisa bendi yake ya Wailers wanakutandika besi, kumbe wanakuandalia hapo.

Na jamaa alikuwa mgonjwa. Albamu imetoka Juni 1980, saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu inamtafuna, miezi miwili tu tangu awapigie Wazimbabwe usiku wa uhuru wao. Mei 1981 kafariki, ana miaka 36. Hakutoa albamu nyingine akiwa hai. Yale maneno ya kujikomboa na utumwa wa akili aliyachota kwenye hotuba ya 1937 ya Marcus Garvey, yule Mjamaika mpigania haki za watu weusi, akayaacha pale mwisho kabisa, hakuna kingine nyuma yake.

Kwenye kaseti ya mzee baada ya hapo ulikuwa unasikia utepe tu, shiii, kisha kitufe kinaruka, ta! "Usiguse redio," mzee anasema, na hakuna anayeinuka.

Sasa jana. Gitaa limeisha, sijashusha hata pumzi, wimbo uleule unaanza tena, safari hii na bendi nzima! Nakuja kuangalia, ni lile toleo la 2001 walilopachika vibao viwili vya ziada. Cha pili ni "Could You Be Loved" iliyorefushwa ya disko. Ya disko, jamani! Mmetoka makaburini, hata mikono hamjanawa, mtu kawasha spika. Na ilipoisha hiyo, programu yenyewe ikanitupia tangazo la kubeti.

Lile la bendi si baya, nakiri, hata mguu ulitikisika kidogo. Lakini mliweke kwenye CD yake huko, mliuze, nitanunua.

Na asije mtu hapa na "si uzime tu mkuu". Nikishanyoosha mkono kuzima, ukimya wenyewe nishaupoteza. Nikae na kidole kwenye simu nikivizia wimbo uishe, huko ni kusikiliza muziki au kulinda ndege shambani?

Kaseti ya mzee ilitafunwa na redio zamani. Kama kuna mwenye CD ya zamani, ile ya nyimbo kumi tupu, na yupo Dar, aje PM. Bei tutaongea.