Mjadala: Mashine ya gemu isiyo na mdomo wa CD, umeinunua au umekodishiwa?

Wadau, salaam. Juzi nilimsindikiza mdogo wangu Kariakoo kununua PS5, mashine ya gemu ya Sony. Zilikuwepo mbili mezani: yenye mdomo wa kutilia CD, na isiyo nao, ambayo gemu zake unazipakua mtandaoni kwa akaunti yako na bei yake ni nafuu. Muuzaji akamsukumia ile ya nafuu, eti CD zimeshapitwa na wakati. Nikamzuia. Tumebishana kwenye daladala mpaka Mbagala, hatukuafikiana, ndiyo maana nalileta hapa. Msimamo wangu ni huu: kwa mchezaji wa huku kwetu mashine isiyo na mdomo ni hasara, na tuikatae waziwazi kabla haijabaki peke yake sokoni.

Nianzie mbali kidogo. Magnavox Odyssey ya 1972, kazi ya Ralph Baer, ndiyo mashine ya kwanza ya gemu iliyouzwa kwa ajili ya TV ya nyumbani. Ilikuwa na vikadi vya kuchomeka, lakini vikadi vile havikubeba gemu yoyote, vilibadilisha tu sakiti za ndani ziungane vipi. Mchezo ulikaa ndani ya mashine. Nyingi zilizofuata zikawa hivyohivyo: umenunua tenisi, ukiichoka ndiyo basi.

Kilichogeuza mambo ni kaseti ya gemu, kiboksi cha kuchomeka kilichobeba mchezo wenyewe ndani yake. Wazo lilianzia kwa wahandisi wa kampuni ndogo ya Alpex, kisha Fairchild wakalichukua, na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Brooklyn, akaongoza timu iliyolifanya liwe bidhaa: Channel F, mwaka 1976. Kazi haikuwa ndogo. Ilibidi kaseti ichomekwe na kuchomolewa na mtoto, mara nyingi kupita hesabu, bila kuharibu kitu. Jina la Lawson lingepaswa kujulikana na kila mtu aliyewahi kupuliza kaseti vumbi litoke. Tangu hapo gemu ikawa kitu cha kushikika: unaazima, unabadilishana, unauza, unamwachia mwanao.

Game Boy ya 1989, mashine ya kushika mkononi, ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliamini katika teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei. Kioo hakikuwa na rangi wala taa, lakini betri nne ndogo zilitosha saa nyingi za kucheza. Game Gear ya Sega ilikuja na rangi na taa, ikala betri sita kwa saa chache tu. Lakini kikubwa zaidi ni kwamba kaseti uliyoinunua 1989 ilichomekwa kwenye Game Boy Advance ya 2001 na ikacheza. Miaka kumi na miwili baadaye, mashine nyingine kabisa, bila akaunti, bila nywila, bila kumwomba mtu ruhusa.

CD nayo ilileta ukombozi wake. PlayStation ilipotoka Japani Desemba 1994, CD moja ilibeba takriban megabaiti 650 na gharama ya kuichapa ilikuwa ndogo, wakati kaseti kubwa kabisa za Nintendo 64 ziliishia megabaiti 64. Ndiyo, urahisi huohuo ndio uliozaa CD za kuchoma, yaani nakala za wizi, na mashine za kuchipu ili zizisome, na waliotengeneza gemu hawakupata haki yao kwetu. Sitetei hilo. Lakini mabanda ya gemu ya mtaani, TV mbili, pedi nne na benchi la mbao, yalisimama kwa sababu CD inatoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwenye banda akichoka na gemu alibadilishana na mwenye banda mwenzake.

Sasa mdomo unafungwa. Sony walijaribu mapema na PSP Go ya 2009, mashine ya mkononi isiyo na pa kutia diski: aliyekuwa na diski zake za UMD hakuwa na pa kuzitia. Haikupendwa, ikaachwa 2011. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza kuwa mashine yao ya gemu, Xbox One, itabidi iunganishwe na intaneti angalau mara moja kila saa 24, pamoja na masharti juu ya gemu za mtumba. Watu wakapiga kelele, na ndani ya mwezi uleule wa Juni kampuni ikaufuta mpango. Kumbukeni hilo, wanaosema kelele hazisaidii. Lakini taratibu yamerudi: Xbox One S isiyo na diski 2019, PS5 Digital 2020, na PS5 Pro ya Novemba 2024 inayouzwa bila mdomo kabisa, unaununua pembeni. Na hata huo wa pembeni, siku ya kuufunga lazima mashine iwe na intaneti ili ukubaliwe. Hapo ndipo mdogo wangu alinyamaza kidogo.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu ya jana.

Mmoja ameandika kuwa CD za siku hizi nazo ni jina tu, maana ukiitia bado unapakua. Ana hoja. Baadhi ya kadi za gemu za Switch 2, mashine ya Nintendo, hazina gemu ndani, zina ufunguo tu wa kuipakulia. Lakini hata kadi ya namna hiyo nikichoka nayo naiuza, na ufunguo unahama nayo. Ya kupakua kwenye akaunti yangu nitamuuzia nani?

Mwingine amesema kupakua kumewafungulia njia watengenezaji wa Afrika, akataja Kiro'o Games ya Kameruni iliyouza gemu yake duniani kote mwaka 2016. Nakubali kwa moyo wote, bila mtandao studio ya Yaoundé isingefika kokote. Mimi sitaki duka la mtandaoni lifungwe. Nataka mdomo usifungwe.

Wa tatu amenishangaza: "Akaunti ni salama kuliko CD inayokwaruzika." Ndugu yangu, akaunti ipi? Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation Network, gemu iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo haikuwepo rasmi. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni. Wengi wetu tunaishi kwa akaunti zenye anwani za nchi ambazo hatujawahi kukanyaga, tukinunua kadi za salio kwa watu wa WhatsApp. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza akaunti ya namna hiyo, kwa kampuni ambayo sitaitaja, na gemu saba zikaenda nayo. Sikuwa na pa kulalamika kwa sababu kwenye rekodi zao mimi siishi hapa. CD iliyokwaruzika angalau naiona.

Na bando je? Gemu kubwa za sasa hupita gigabaiti 100. Anayesema "pakua tu" ana waya wa faiba nyumbani, na nampongeza.

Ninachopendekeza ni kimoja, na naomba mkishambulie. California ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025: muuzaji wa gemu za kupakua haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu. Tume ya Ushindani yetu, yenye kazi ya kumlinda mlaji, inaweza kudai maneno hayohayo kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye boksi la kila mashine isiyo na mdomo inayoingia bandarini. Mteja akishasoma, achague mwenyewe.

Mdogo wangu, kwa taarifa yenu, bado hajanunua. Amesema atasubiri hapa. Wenye maduka ya gemu mliomo humu, mwambieni kweli: PS5 yenye mdomo pamoja na CD zake tano mnainunua mtumba kwa shilingi ngapi, na ile isiyo na mdomo yenye gemu tano ndani ya akaunti mnaichukua kwa ngapi?