Estradioli imefika 52 nikiwa kwenye sindano za testosteroni: nimeze kidonge cha kuishusha?

Mleta mada

Wakuu, naombeni mawazo. Nina miaka 44. Nilipimwa asubuhi mara mbili, testosteroni ikakutwa chini, daktari akanianzishia sindano ya miligramu 200 kila baada ya wiki mbili. Huu ni mwezi wa sita. Nguvu zimerudi, usingizi umerudi, hata mke wangu ameona tofauti.

Sasa wiki hizi mbili chuchu ya kushoto inauma, shati tu likiigusa nashtuka. Pete ya ndoa inabana kila asubuhi. Nikapima: estradioli, ile estrojeni kuu mwilini, pikogramu 52 kwa mililita, wakati karatasi ya maabara inaishia 40. Damu ilitolewa siku ya tatu baada ya sindano.

Jamaa ninayefanya naye mazoezi amenipa vidonge vya anastrozoli vya miligramu 1, dawa ya kuzuia mwili usitengeneze estrojeni. Anasema nimeze kimoja kila baada ya siku moja mpaka estrojeni iishe kabisa. Viko kwenye droo, sijavigusa. Naogopa kuota matiti, lakini naogopa pia kurudi nilikotoka. Aliyepitia hili anisaidie.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, viache humo humo kwenye droo. Mimi nilivimeza.

Mwaka wangu wa pili wa sindano niliona 48 kwenye karatasi. Dalili sikuwa nayo hata moja, namba tu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nikaanza kumeza kidonge kizima, siku moja ndiyo siku moja hapana, daktari hana habari. Wiki ya tatu magoti yakaanza kulia nikipanda ngazi. Vidole vilikakamaa asubuhi, nikawa nafungua kifuniko cha chupa kwa kukishika na taulo. Hamu ya tendo, ile ile iliyonipeleka kwenye sindano, ikapotea yote. Nikafoka hovyo, nikalala nikiwa nimechoka na kuamka nimechoka. Nilichodhani ni nini? Kwamba testosteroni imeshuka! Nilikuwa tayari kuongeza dozi. Kupima, testosteroni iko safi kabisa; estradioli ndiyo iliyokuwa chini mno hata mashine haikuweza kuisoma. Niliacha vidonge, na bado magoti yalichukua wiki kadhaa kunyamaza.

Ndugu yangu, estrojeni kwa mwanaume si uchafu wa kuondoa. Mwili unaitengeneza kutokana na testosteroni hiyo hiyo, kwa kimeng'enya kinachoitwa aromatesi, ambacho kiko kwa wingi kwenye mafuta. Mifupa inaihitaji, hamu inaihitaji. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuisikia estrojeni kabisa. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida. Alikuwa na urefu wa sentimita 204, bado anaendelea kurefuka, na mifupa yake imekonda. Daktari wangu aliponisimulia kisa hicho ndipo nilipoelewa nilichokuwa najifanyia.

Kwako mimi naona shida ni mpangilio wa sindano. Miligramu 200 kwa mpigo mmoja, siku ya pili ya tatu testosteroni inapaa, aromatesi inapata malighafi tele. Wewe ukapima hapo hapo kileleni. Kwangu daktari aligawa dozi ile ile: badala ya 200 kwa wiki mbili, 50 mara mbili kwa wiki. Bila kidonge chochote estradioli ilishuka hadi 34. Na kitambi nilipokipunguza ikatulia zaidi. Muulize wako kuhusu kugawa.

Mchangiaji wa pili

Nafanya kazi maabara, naongeza dogo. Uliza wametumia kipimo gani. Kile cha kawaida cha kingamwili si kizuri kwa viwango vidogo vya wanaume, mara nyingine kinasoma juu kuliko ukweli. Omba cha spektrometria ya masi, kinachotambua molekuli kwa uzito wake, kama kipo. Na damu itolewe siku ile ile ya mzunguko kila mara, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Pima na hematokriti pia, yaani sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu. Ikipita asilimia 54 sindano husimamishwa kwanza.

Mchangiaji wa tatu

Nakubaliana nanyi kuhusu vidonge, ila msimfanye asubiri. Huyu ana dalili, hana namba tu. Mimi nilisubiri zaidi ya mwaka nikijiambia itapoa yenyewe. Tezi ya titi ikakomaa, ikabidi nifanyiwe upasuaji. Kaka, lala chali, bonyeza taratibu nyuma ya chuchu. Ukikuta kitu kigumu, nenda wiki hii. Kikiwa kichanga kuna dawa ambazo daktari anaweza kukuandikia. Na uvimbe wa upande mmoja lazima uangaliwe na daktari hata kama unadhani unajua chanzo.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo umenisahihisha, mkuu. Mimi sikuwa na dalili, yeye anazo. Aende.

Mleta mada

Nimebonyeza. Kipo, kama kifungo cha shati, kinateleza chini ya kidole na kinauma. Kulia hakuna kitu. Nimempigia daktari, ananiona Alhamisi, na sindano ya Jumatano amesema nisichome kwanza. Vidonge nimemrudishia jamaa na nimemweleza habari za magoti. Naye akaniambia yake yanamuuma tangu mwezi uliopita.