Tupeane uzoefu: mikandaa ya kwenu inarudi au ndo inakwisha?

Mzawa wa Chwaka
Assalaam alaykum jamani. Leo naomba tuzungumze mikandaa, ile miti ya pwani wengine wanaiita mikoko, hasa nyie mloko pembezoni mwa ghuba ya Chwaka hapa Unguja, Charawe, Ukongoroni, na wa Pete pia, na ndugu zetu wa Pemba msikae kimya. Kila mara naona watu wanakuja na fulana mpya wanapanda miche wanapiga picha wanaondoka, kisha wanakuja wengine wanapanda palepale. Mie naamini mikandaa ukiipa nafasi inajirudisha yenyewe, muhimu panga lisiingie na maji yapite. Kwetu kuna kipande kilikatwa sana kwa boriti na kuni za tanuri za chokaa, kamati ya shehia ikakifunga, hakuna alopanda hata mche, na saa hizi ukipita na ngalawa maji yamejaa huoni upande wa pili. Mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mti, ikidondoka maji yamepwa inajichoma kwenye tope, ikidondoka maji yamejaa inaelea mpaka ipate pa kushika. Haya nambieni, kwenu mmeona nini?

Bi Chaza
Kweli tupu kaka angu. Sie tunaoshinda pwani kwa mwani na chaza tunaona. Kuna mradi ulikuja wakataka kupanda mikoko nje kabisa kwenye mchanga, kwa vile pako wazi na kufika ni rahisi. Bibi mmoja akawaambia wanangu hapo hapajapata kuwa na mti, hayo ni majani ya bahari, samaki tasi wanakula hapo. Hawakumsikiliza, kusi lilivoanza miche yote ikalala. Mikandaa ina aina, kila mmoja na pahala pake: huko mbele anayestahamili mawimbi ni mlilana, mkoko unataka tope la vijito, mkandaa wenyewe uko nyuma, mchu ndo kiboko ya chumvi, ramba jani lake utajua. Inaniuma kwa sababu wangemuuliza tu yule bibi.

Kijana wa Pete
Mie nije na kaa. Siku moja niko kwenye lile daraja la mbao la wageni kupita ndani ya mikandaa, maji yanatoka, kaa mdogo kashika jani la manjano kubwa kuliko yeye analivuta kinyumenyume kwenda shimoni, likakwama kwenye mzizi, akaliacha, akazunguka akalishika upande wa pili, likapita. Mzee akanambia hao ndo wakulima wa pale, mashimo yao yanaingiza hewa kwenye tope na majani wanayozika ndo mbolea. Tangu siku hiyo wageni nawasimamisha hapo kwanza kabla ya kuwaonesha kima punju, wale kima wekundu. Na kima punju nao wanashuka mpaka kwenye mikandaa kula majani, wanyama hawa duniani wako Zanzibar tu, hesabu kubwa ya miaka ya karibuni ilikuta zaidi ya 5,800. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka imekuwepo tangu 2004 lakini kima hawajui mpaka, wanaingia mashambani, kwa hiyo mapato ya wageni yakichelewa kufika vijijini watu wanakasirika, na wana haki.

Mpemba wa kusini
Salaam. Sikubali moja kwa moja ndugu wa Chwaka. Kwetu Kisiwa Panza na kwengine bahari imeingia mashambani, mpunga umekufa, minazi imekauka imesimama. Pale ilipokatwa yote hakuna mti mama karibu, mbegu itoke wapi? Hapo lazima tupande, na tumepanda, wanawake na vijana, mbegu tunaziokota wenyewe. Ila anayepanda awe ndo anayeishi hapo, bamvua, yale maji makubwa, likipita kesho yake anakwenda kuangalia ipi imeng'oka anarudishia.

Mama Saidi
Jamani na kuni je? Mtu akiambiwa asikate apikie nini?

Mzawa wa Chwaka
Mama angu suali zuri. Kwetu waliotulia ni waliopanda mivinje kwenye mashamba ya juu, inakua haraka na kuni zake zina moto mzuri. Na ndugu wa Pemba nimekuelewa, pasipo na mti mama hoja yako ina nguvu. Watu wa Ukongoroni leteni habari za wale ndege weupe kwa weusi wanaokula kaa msimu wa kaskazi, makundi bado makubwa au yamepungua?